Begi ya Haiki Kwa Ndege ya Bei Poa: Jipange Usichomwe Getini

Wacha nianze na aibu yangu kwanza, ndio ujue hizi vitu sikusoma tu mahali.

Mbogi yetu ya wasee wanne iliamua kupanda Mlima Elgon. Si Ngong Hills za kupiga picha na kurudi tao kabla giza iingie. Elgon yenyewe, kilele cha Koitobos, mita 4,222, kulala kwa hema na baridi ya kukuamsha saa tisa usiku. Beshte yangu mmoja akacheki ofa ya ndege ya Nairobi hadi Eldoret. Bei ilikuwa juu ya basi kidogo tu, na badala ya kukesha barabarani ukigongwa na kichwa ya jirani amelala, hewani ni chini ya saa moja. Tukalipa na M-Pesa, tukaringa kabisa kwa grupu.

Mimi nilikuwa na begi nimetoa Toi. Mtumba safi, lita 65, zipu zote zinashika, mkanda wa kiuno mnene kama wa bondia. Ndani niliweka hema ya watu wawili, mfuko wa kulalia, nguo, jiko ndogo ya kambi na vikopo viwili vya gesi vya kupikia mbogi nzima. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: hii ni begi ya mgongo, na begi ya mgongo unaingia nayo ndani ya ndege. Si hata watoi wa shule hubeba ya mgongo?

Kabla hata nifike kaunta, mashine ya kukagua mizigo ikaona vikopo. Afande akavitoa kwa upole, akaviweka kando, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuviona. Nikafika kaunta. Dada akaniambia niweke begi kwa mizani. Kilo 13 na kitu. Ruhusa yangu ilikuwa kilo 7, na tiketi yetu ya ofa haikuwa na mzigo wa kuweka chini ya ndege hata kilo moja. Nikalipa ngiri tatu na usheni. Maze, hiyo ilikuwa ndiyo doh yangu ya mathree ya kutoka Eldoret hadi Kitale, ya kutoka Kitale hadi Endebess, na ya chakula. Ilibidi mabeshte wanikopeshe, na usiku wa kwanza tukatafuna Indomie kavu kwa hema kama njugu. Kesho yake ndio tulipata jiko ya makaa ya kukodi. Hiyo risto bado inaletwa kila tukikutana.

Na sikuonewa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa tiketi. Mimi ndio sikusoma.

Unachonunua ni kiti

Ndege ya bei poa inakuuzia kiti. Hiyo tu. Kila kitu kingine, kuanzia kuchagua dirisha hadi mzigo wa chini, ni duka lingine ndani ya hilo duka. Ndio maana tiketi mbili za ndege moja zinaweza kupishana kwa elfu kadhaa: moja iko na mzigo, ingine ni wewe na kabegi kako. Ukibonyeza ile ya bei ya chini kabisa bila kusoma, umesema mwenyewe kwamba huna mzigo. Siku ya safari ukitokea na begi ya lita 65 inakutoka juu ya kichwa kama antena, unajikanusha mbele ya watu.

Huku kwetu namba ya kukariri ni 7. Jambojet, ambayo imekuwa ikiruka tangu 2014 na ndiyo wengi wetu tumepanda mara ya kwanza, inakupa kilo 7 za kuingia nazo ndani. flydubai, ambayo sasa inatua Mombasa pia, ni kilo 7. Air Arabia ya kwenda Sharjah inakuachia 10. Wasee huchanganyikiwa hapa kwa sababu walishapanda KQ, ambayo daraja la kawaida inakubali kilo 12 ndani, na Jambojet ni mtoto wa KQ, kwa hivyo wanadhani mama na mtoto wana sheria moja. Zii. Na kama safari yako ina ndege mbili za kampuni tofauti, panga na ile yenye ruhusa ndogo. Ukipanga na ile kubwa, ya kwanza itakubeba vizuri halafu ya pili ikuchome.

Hizi namba hubadilika, so siku ya kubuy tiketi fungua ukurasa wa mizigo wa hiyo kampuni. Ukiona kilo zako hazitoshi, lipia mzigo hapo hapo ukinunua tiketi. Kawaida bei ya kwa simu ukiwa keja iko chini ya ile ya kaunta, na ya getini ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu hapo huna pa kwenda na wanajua.

Lita hazina maana kwa kaunta

Duka za begi za mlima zinaongea lita. Ndege zinaongea sentimita na kilo. Ndio maana msee anaweza kuuliza "lita 40 inaingia?" na apate majibu kumi tofauti, yote ya ukweli.

Chukua kipimo ambacho kampuni nyingi hutumia kwa begi ya kabini, karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20. Piga hesabu: hiyo ni lita 44. Kwa hivyo begi ya lita 40 inaweza kutoshea, kama imeshonwa fupi na bapa. Lakini kuna begi ya lita 38 imeshonwa ndefu na nyembamba kama muwa, inafika sentimita 65, na hiyo itakataa kuingia kwa kile kisanduku cha kupimia hata uipigie magoti. Begi za lita 60 na zaidi nyingi zinagonga sentimita 70 kwenda juu. Hakuna ujanja hapo.

Kitu cha kuelewa ni fremu. Begi ya haiki ya maana iko na mfupa ndani, kijiti cha aluminiamu au plastiki ngumu inayopita mgongoni ndio uzito ukae kiunoni badala ya mabegani. Upana wa begi unaweza kuupunguza kwa kuvuta mikanda. Unene pia, ukitoa sweta. Urefu wa fremu haupungui. So ukienda Toi ama Gikomba kutafuta begi ya kusafiri nayo kwa ndege, beba tepu ya fundi wa nguo na pima mgongo kwanza, kutoka chini hadi juu ya fremu. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Kuna begi zingine kile kifuniko cha juu kinatoka kabisa. Kitoe, kiweke ndani ama ukivae kama kipochi. Hapo unaweza kuokoa sentimita kadhaa. Mkanda wa kiuno ufunge kwa nyuma, uzunguke begi badala ya kuning'inia, kwa sababu begi yenye mikanda inapepea inaonekana kubwa hata kama si kubwa, na ile macho ya mtu wa geti ndiyo mizani ya kwanza. Mkeka wa kulalia usiufunge nje chini ya begi. Najua inakupa luku ya mtu wa milima kabisa, lakini pale ni kama umebeba bango imeandikwa "nipime".

Kilo 7 ni kidogo kuliko unavyofikiria

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa sababu huku kwetu mizani inakuuma kabla ya tepu. Begi yangu ya lita 65, tupu, bila hata soksi, ni kilo 2 na zaidi. Yaani nimekula karibu theluthi ya ruhusa na hewa. Mfuko wa kulalia wa baridi ya Elgon ni kilo moja na nusu. Hema yangu inakaribia tatu. Hapo tumefika sita na nusu na bado hujaweka nguo, chaja, wala ile pakiti ya karanga.

So ukweli usioupenda ni huu: huwezi kubeba kambi nzima kwa kilo 7. Chagua moja. Ama unalipia mzigo wa chini mmoja kwa watu wawili au watatu, mnaweka hema, jiko na vitu vya chuma humo, na kila mtu anaingia ndani na begi ndogo ya lita 30. Ama unaacha hema nyumbani na kukodi huko unakoenda. Sisi wanne tungelipia mzigo mmoja siku ya kununua tiketi, kila mtu angetoa kama bei ya chips na kuku. Badala yake kila mtu alibeba kivyake na mimi ndio nikawa mjinga wa mbogi.

Kujipima ni rahisi. Kama keja hakuna mizani, kuna wale wasee wa mizani kando ya barabara hapo tao wanaopima watu kwa shilingi chache. Panda na begi, soma. Panda bila begi, soma. Toa. Atashangaa mbona unajipima mara mbili lakini pesa yake umelipa.

Halafu vaa uzito. Buti za mlima ni karibu kilo nzima, zaidi kama ni za ngozi, so zivae miguuni hata kama unaenda kukaa kiti 14C na jua la Nairobi linawaka. Jaketi nzito vaa ama ubebe mkononi. Mifuko ya jaketi ni rafiki yako: chaja, tochi ya kichwa, miwani. Lakini usizidishe ukaanza kutembea kama mtu ameficha kuku.

Chupa ya maji nenda nayo tupu, uijaze baada ya kukaguliwa. Na iwe ile ya kutumia mara nyingi, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa ndani ya mbuga za kitaifa na misitu yetu. Ukifika geti ya Chorlim na chupa ya maji ya dukani utaiacha hapo. Afadhali ujue ukiwa nyumbani.

Vitu ambavyo hata ukilipa hawatabeba

Gesi. Nairudia kwa sababu imenikula: kikopo cha gesi ya kambi hakiendi ndani, hakiendi chini, hakiendi popote kwa ndege ya abiria. Hata kikiwa nusu. Hata kikiwa kipya na risiti. Jiko lenyewe linaweza kwenda chini kama ni safi na halina harufu ya mafuta, lakini gesi unanunua unakoshukia. Na kabla uondoke, pigia simu guide ama mtu wa huko umuulize kama zile za kufungia kwa skrubu zinapatikana, kwa sababu mji mdogo unaweza kuwa na mitungi ya kilo 6 tele na usipate hata kikopo kimoja cha kambi.

Kisu, hata kile kidogo cha kukunja, kiende chini. Vigingi vya hema na fimbo za kutembelea pia weka chini. Mara nyingine msee hupita na fimbo ndani, mara nyingine anaziacha kwa kikapu, na uamuzi ni wa afande wa hiyo siku. Fimbo mbili za maana ni ngiri kadhaa. Usizichezee bahati nasibu.

Pawabenki ni kinyume. Hiyo haiendi chini kabisa, lazima ikae na wewe ndani, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto chini hakuna mtu wa kuuona mapema. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Kama yako imeandikwa mAh peke yake, zidisha na 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Ile ya 20,000 inatoka 74, uko fiti. Ya 30,000 inatoka 111, hapo unahitaji ruhusa ya kampuni, na kama maandishi yamefutika kabisa wanaweza kukataa.

Sasa unganisha hii na kitu kingine. Ndege nyingi za hizi safari fupi za ndani, kama zile Dash 8 za Jambojet, zina propela, na rafu ya juu ya kichwa ni ndogo kuliko ya Boeing. So hata ukiwa umepita kaunta na kilo zako 7 halali, mtu anaweza kukuambia kwa ngazi uache begi iwekwe chini. Hakuna malipo hapo, usilete vita. Lakini kumbuka pawabenki, simu, kitambulisho na dawa zako ziko wapi. Mimi siku hizi naweka hivyo vyote kwa kipochi kimoja juu kabisa ya begi. Nikiambiwa niache, nachomoa kipochi, nasonga. Yule msee wa nyuma yako anayemwaga soksi kwa lami akitafuta pawabenki, usiwe yeye.

Kama begi inaenda chini, ipeleke imevaa. Mikanda inayoning'inia hunaswa na kung'oka kwa mashine za mizigo. Funga yote, kisha vaa begi lile koti lake la mvua ama uitie kwa gunia safi uifunge kamba. Si mrembo lakini begi inafika na mabega yote mawili.

Ukiwa majuu, vita ni ya sentimita

Kama una siz ama beshte anasoma Ujerumani ama Italia na anataka kwenda kupanda milima na hizo ndege za euro ishirini, mwambie sheria zinageuka. Huko mizani hailii sana kwa begi ndogo. Kisanduku ndicho kinalia. Ryanair na Wizz Air, begi ya bure ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, ambayo ni lita 24 tu, begi ya shule. easyJet wanakupa 45 kwa 36 kwa 20. Begi ya haiki ya lita 40 haiingii hapo, lazima ulipie ile nafasi ya begi kubwa ya kabini.

Na huko hawabahatishi. Ryanair inatoza hadi euro 75 ukikamatwa getini na begi kubwa, na tangu Novemba 2025 mfanyakazi anayekamata begi moja anapata euro 2.50. Yaani yule anayekuangalia getini anakuangalia na njaa. Serikali ya Uhispania mwaka 2024 ilipiga kampuni tano faini ya jumla ya euro milioni 179, kwa mambo yakiwemo kutoza begi za ndani, na kampuni zikasema zitapinga. Maoni yangu? Msee anayesafiri kesho hawezi kungoja korti. Anunue begi ya lita 24 inayobanwa, ama alipe mapema.

Kuna kitu kimoja wasee husahau hadi kiwapate, na kilitupata sisi. Kurudi. Ulipima begi ikiwa kavu. Elgon ilitunyeshea usiku wa pili, na hema yenye maji ni nzito vibaya, buti zina matope, na mama mmoja Kitale alikuwa anauza parachichi kubwa kama kichwa ya mtoto kwa bei ya kutupa. Mimi nilinunua kumi. Hapo Eldoret kabla ya kaunta ilibidi tukae chini nje, tukaanika hema kwa ua dakika arobaini, tukagonga matope kwa buti, na parachichi sita tukamwachia jamaa wa boda aliyetuleta. Mizani ikasoma 6.9. Zile nne zilizobaki nilizibeba kwa mifuko ya jaketi hadi Nairobi, na moja ilipasuka.